Nisione Waya Hata Mmoja

Binti aliingia uani Jumapili saa nane mchana, mkoba wa vitabu begani, akasimama ghafla. Hakusalimu. Alikuwa akiitazama kamba mpya ya kuanikia nguo, ambayo bibi yake alikuwa ameifunga asubuhi hiyo kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye bomba la bafuni. Ilikuwa kamba ya buluu, laini, imebeba mashuka mawili mabichi na gauni la bibi, nayo imebonyea katikati kwa uzito.

"Mama," alisema, "huu waya umetoka wapi?"

Mama yake alikuwa kibarazani na sinia la mchele mapajani, anachambua. "Shuleni kwenu. Lipo gunia zima humo ndani. Si mmehamia huo mtandao wenu usio na waya? Mkuu wa shule aliniambia nikisafisha chumba cha kompyuta asione waya hata mmoja. Nimezitoa zote jana. Angalia vidole vyangu vilivyochubuka."

"Zote?"

"Zote. Tisa ziligoma kutoka kwenye ule mfereji wa plastiki ukutani. Hizo nimezikata."

"Umezikata na nini?"

"Na mkasi wa baba yako, na nini tena?"

Bibi, aliyekuwa akisuka nywele zake mwenyewe kwa kubahatisha, alicheka. "Mjukuu wangu, usimhoji mama yako kama askari. Kamba nzuri hiyo, haishiki kutu."

Hakuna aliyecheka naye. Binti aliketi chini, pale pale kwenye maji ya nguo, na sketi yake safi.

"Mama, kesho saa mbili ni mtihani wetu wa taifa. Maswali yanatoka kwenye kompyuta kubwa ya mbele, yanapita ndani ya nyaya, yanafika kwenye mashine zetu. Nyaya zisipokuwepo hakuna mtihani. Mtihani usipokuwepo hakuna cheti. Tuko ishirini na wanne."

"Lakini ule usio na waya..."

"Ule ni wa simu za walimu na kompyuta ya mapajani ya mkuu! Mashine zetu kuukuu, hazina kifaa cha kuupokea. Hazijawahi kuupata hata siku moja."

Mama alisimama ghafla, sinia likapinduka, mchele ukamwagika wote. Hata hakuutazama. Alikuwa akijaribu kukumbuka kosa lilikuwa wapi, kwa sababu yeye si mtu wa kukurupuka. Wiki tatu nzima alikuwa amemsikia binti yake akikariri jikoni, mpaka na yeye akakariri: mtandao wa waya ni wa kasi na wa kuaminika, ila nyaya hutapakaa, mtandao usio na waya hautumii waya. Sasa mkuu aliposema shule imehamia usio na waya, na asione waya, angeelewa nini kingine?

Baba alitoka chumba cha mbele, kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa amesikia yote. Fundi huyu hana maneno mengi, lakini anajua kupima.

"Nani alikuona ukitoka na gunia?"

"Mlinzi wa getini. Alinisaidia kujitwisha."

"Aliandika kwenye daftari lake?"

"Aandike nini? Takataka?"

"Basi wewe ni mwizi," alisema, si kwa kumtukana, bali kama anayetaja kiuno cha mteja. "Kitu cha shule kimetoka getini bila kuandikwa, kimelala kwako, kimeanikiwa nguo. Ukieleza mpaka kesho kutwa, hivyo ndivyo watakavyosoma." Akamgeukia binti. "Tukalichome gunia. Tuseme wamepita wezi."

"Na mlinzi je, baba? Si ndiye atakayebebeshwa?"

Fundi aliliacha wazo la moto. Mlinzi alikuwa mzee mwenye wajukuu sita, na suruali zake zote zilikuwa zimepita mikononi mwa fundi.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema bibi, na safari hii hakucheka. Aliinuka akaanza kuondoa mashuka mabichi kwenye waya, moja moja, polepole, kama anayevua nguo mgonjwa.

"Twende kwa mwalimu wetu," binti alisema. "Sasa hivi."

Mwalimu wa kompyuta alikuwa kijana mwembamba mwenye meno madogo, na wanafunzi walimwita Bwana Kipanya, jina ambalo yeye alidhani linatokana na kazi yake. Walimkuta chumbani kwake anapiga pasi suruali ya kesho. Aliwasikiliza hadi mwisho, akaizima pasi, akaketi kitandani juu ya suruali yenyewe.

"Mama yangu," alisema, "nani alikwambia kwamba usio na waya hauna waya?"

Binti alifungua mkoba, akatoa daftari. "Wewe, mwalimu. Ukurasa wa kumi na saba." Akasoma kwa sauti ndogo: "Mtandao usio na waya hautumii waya."

Mwalimu alifumba macho. "Nilifupisha. Kipindi kilikuwa kinaisha." Kisha akaeleza, na mama akasikiliza kwa mwili mzima, kama mtu anayesomewa hukumu. Kile kisanduku cheupe cha darini, kinachorusha mtandao hewani, nacho kina waya wake nyuma. Huo ndio unaokiletea mtandao. Hewani ni hatua ile ya mwisho tu, kutoka kwenye kisanduku mpaka kwenye simu ya mtu. Ukiukata waya wake, kinabaki kuwa sahani darini.

"Na huo pia nimeutoa," mama alisema. "Nilipanda juu ya meza."

"Kumbe ndiyo sababu. Simu yangu ilikosa mtandao nilipopita shuleni jana jioni, nikadhani ni kawaida yake." Akajikuna kichwa, akamtazama fundi, akautazama mlango. "Kuna jambo jingine, na mimi sijawaambia. Watu wa mitihani walileta fomu: chumba chenu kinatumia mtandao gani? Mkuu akajaza, usio na waya, mashine zote. Alikuwa ameshawatangazia wazazi mkutanoni na kupigiwa makofi, asingeweza kurudi nyuma. Ndiyo maana hakutaka waya uonekane. Alitaka zifichwe nyuma ya meza, zipite chini ya kapeti, msimamizi akija asizione. Hakuthubutu kusema wazi zifiche, akakuambia vile. Ndiyo hivyo, asiyejua maana haambiwi maana." Akajishtukia. "Samahani, mama. Sikukusudia wewe."

"Hapana, umenikusudia mimi," alisema mama. "Zinaweza kurudi?"

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Zile zilizotoka nzima zingechomekwa tu. Zile tisa zilikatwa karibu na mashine, sehemu kubwa bado imo ukutani. Zilihitaji vichwa vipya, vile vya plastiki vya kuchomeka. Alikuwa na koleo la kuvibana. Alikuwa na vichwa kumi na viwili. "Saa nne za kazi, tukisaidiana. Lakini zitatapakaa chumba kizima, hakuna muda wa kuzificha. Na chumba kimefungwa. Ufunguo anao mkuu."

Walijua wote wanne maana yake. Njiani mama alishika mkono wa mumewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya barabarani tangu waoane.

Mkuu wa shule alikuwa ofisini, siku ya mapumziko, anapanga vikombe vya wageni. Alipowaona mlangoni alisema, "Vueni viatu, sakafu imepigwa deki." Mama, aliyeipiga deki hiyo, alivua. Viti vilikuwa viwili. Mkuu akamkaribisha mwalimu kimoja na fundi kingine. Mama na binti walisimama.

Mwalimu ndiye aliyeeleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mkuu ulivyopungua rangi, na mama aliona kitu ambacho hakukitarajia: mkuu naye aliogopa. Kikombe alichokishika kiligonga sahani yake, kikagonga tena. Hilo halikumpa nafuu. Mtu mkubwa akiogopa, hutafuta mdogo wa kumkanyaga avuke.

"Tunaweza kuzirudisha leo hii, mkuu," mwalimu alimaliza. "Nina koleo."

"Na fomu je?" mkuu aliuliza. "Msimamizi aingie na fomu yangu mkononi, akute nyaya zimezagaa kama utumbo? Kituo kitafungwa. Mimi na wewe tutakwenda kulima." Akavuta karatasi, akaanza kuandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu. Nje mlinzi alikuwa akiimba peke yake getini.

"Sikiliza, mama," alisema alipomaliza, na sauti yake sasa ilikuwa tamu. "Mtihani huahirishwa kwa mambo mawili, janga au wizi. Janga hatuna. Hapa nimeandika kwamba wewe, msafishaji wa shule, unakiri kuiba nyaya za chumba cha kompyuta. Tia saini. Mtihani utasogezwa wiki mbili, nyaya zitapatikana, zitarudishwa kwa utulivu, zitafichwa vizuri, watoto watafanya. Polisi siwaiti, hilo nakuahidi. Utapumzika nyumbani mpaka mambo yapoe."

"Usitie saini," fundi alisema.

"Asipotia," mkuu alisema bila kumtazama, "nitasema kilichotokea. Nyaya zimetoka na gunia lake, mlinzi kaona, zimekutwa kwake. Mtihani hautakuwepo, na watoto ishirini na watatu wa watu watajua ni kwa sababu ya nani. Ishirini na wanne, nilisahau."

Mama alimtazama binti yake. Alisubiri aseme neno, lolote, hata mama tu. Binti alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa amesoma kwa taa ya jikoni mwaka mzima, na alitaka mtihani. Mama alielewa hivyo, akaumia hivyo hivyo, na hakumlaumu.

"Mwandiko wako siuwezi, mkuu," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake. "Nipe karatasi safi. Niandike mwenyewe kwa mkono wangu, itaaminika zaidi."

Mkuu alifurahi. Alimpa hata kiti chake.

Niseme kweli, kwa sababu watu siku hizi wanapenda kusimulia mashujaa: alikusudia kuandika wizi. Aliandika Mimi. Aliandika msafishaji wa shule. Herufi zilikwenda juu na chini kama za mtoto wa darasa la pili, na jasho likadondoka kwenye karatasi. Alipofika kwenye neno niliiba, mkono ulisimama. Aliliona neno hilo likisomwa mbele ya watu. Alimwona mama mkwe wake akilisikia sokoni. Alimwona mlinzi, aliyemtwisha gunia kwa mikono yake miwili, akiulizwa. Akaona kwamba ana hofu mbili, na ile ya mkuu ndiyo ndogo.

Aliendelea kuandika. Ilimchukua muda, na mkuu alikwishaanza kupanga vikombe vyake tena. Mwishoni akatia saini, akaisukuma karatasi.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. *Mimi msafishaji wa shule mkuu aliniambia nisione waya hata mmoja. Nikatoa zote. Sikujua zifichwe kwa ajili ya fomu. Ningeambiwa ningezificha. Sikuiba. Mlinzi hana kosa.*

Mkuu aliichana karatasi vipande viwili, kisha vinne.

"Nitaandika nyingine," mama alisema. "Karatasi zipo nyingi. Na kesho huyo msimamizi akiniomba, nitamwandikia na yeye."

"Unanitisha?"

"Hapana, mkuu. Mimi ndiye ninayeogopa. Naogopa sana. Siwezi kuogopa na kusema uongo kwa pamoja, nitajichanganya tu."

Mkuu alimtazama mwalimu wa kompyuta, ambaye kwa mara ya kwanza katika ajira yake hakutazama chini. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa amefika mwisho wake kwenye meza yake mwenyewe. Akafungua droo, akatupa ufunguo juu ya meza. Ulianguka sakafuni. Mama ndiye aliyeinama kuuokota.

Walianza saa kumi kasoro. Bibi alilileta gunia mwenyewe, amejitwisha, na mlinzi safari hii aliliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Ndani ya kila waya mlikuwa na nyuzi nane za rangi, na zilitakiwa kuingia kwenye kichwa kwa mpangilio mmoja tu; mmoja ukikosea nafasi, waya umekufa. Mwalimu alizipanga kwa haraka, akabana. Akapima. Taa haikuwaka. Akabana cha pili, kikafa. Cha tatu kikafa.

"Vimebaki tisa," alisema, "na nyaya ni tisa." Alifuta uso kwa shati.

"Nisomee rangi," fundi alisema, akavuta kiti.

"Nyeupe yenye chungwa. Chungwa. Nyeupe yenye kijani. Buluu. Nyeupe yenye buluu. Kijani. Nyeupe yenye kahawia. Kahawia."

Fundi alizinyoosha kwa kucha ya dole gumba, akazisawazisha ncha kwa mkasi, ule ule, akazisukuma ndani zote nane kwa pamoja. Miaka ishirini ya kutunga uzi kwenye tundu la sindano haikuwa bure. Mwalimu akabana. Kitaa kidogo cha kijani kiliwaka, na binti akaguna kama mtu aliyeachiwa koo. Hawakushangilia. Waliogopa kushangilia. Kila kichwa kilipobanwa watu watano waliacha kupumua, na mama alifunga macho kabisa, akisubiri kuambiwa.

Tisa ziliwaka. Zile nyingine wakazichomeka mmoja mmoja, mpaka ule ambao bibi aliufunga uani. Taa yake haikuwaka. Mwalimu aliupima mara tatu. Mashuka mabichi yalikuwa yameuvuta na nyuzi za ndani zimekatika.

"Mashine ishirini na tatu," alisema. "Mtoto mmoja atakaa nje."

Bibi alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ni mimi. Mwanangu mkaza mwana, ni mimi na uchu wangu wa kamba."

"Nitakaa mimi," binti alisema. Hakumtazama mtu. "Mkiulizwa semeni naumwa." Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu ofisini, na alikuwa akilia.

Mama alikuwa anatazama gunia, anahesabu kwa midomo, kwa sababu alikumbuka alichotoa. Nyaya ishirini na nne za mashine. Na ule aliopandia meza. "Mwalimu," alisema, "kile kisanduku chenu cheupe kikikosa waya, mtihani unasimama?"

"Hapana. Hakihusiki na mtihani hata kidogo."

"Basi waya wake huu hapa."

Saa mbili usiku taa ishirini na nne za kijani zilikuwa zinapepesa, na nyaya za buluu zilitambaa sakafuni, juu ya kapeti, kati ya viti. Darini kisanduku cheupe kilikuwa kimya.

Msimamizi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na alifika saa mbili kasoro robo. Mama alikuwa koridoni na ndoo yake, dirisha la chumba cha kompyuta likiwa wazi mbele yake. Usiku mzima hakuwa amelala. Alimwona msimamizi akisimama mlangoni, akitazama nyaya, akitazama fomu, akitazama nyaya tena.

"Hapa pameandikwa usio na waya."

Mkuu alijisogeza mbele. "Tulibadili... tuliona... kwa uhakika zaidi."

"Afadhali mlivyobadili," msimamizi alisema, akachora alama ya vema. "Hii ya hewani inatutesa vituo vyote. Mwaka jana watoto walikatikiwa katikati ya swali. Waambieni tu wasizikanyage. Jamani, kaeni."

Mkuu alishika fremu ya mlango. Mama naye alishika ndoo. Yote yale, karatasi, ahadi ya polisi, wiki mbili, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

"Anzeni."

Vioo ishirini na vitatu viliwaka maandishi. Cha binti kilibaki cheupe. Mama aliona mabega ya mtoto wake yakipanda, akaona mwalimu akisogea hatua moja na kuzuiwa kwa mkono na msimamizi, akahesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne, tano. Maandishi yakaja. Binti alishusha mabega, akaanza kuandika.

Mkuu alitoka koridoni. Alisimama karibu na mama, wote wawili wakitazama dirishani, kama wazazi wawili.

"Kuanzia kesho usije," alisema kwa sauti ya chini.

"Na leo?"

"Leo malizia."

Alimalizia. Alipiga deki koridoni, ngazi, vyoo vya wavulana na vya wasichana, akasuuza matambara, akayaanika. Saa tano mlango ulifunguliwa na watoto wakatoka wakipiga kelele. Binti alimtafuta kwa macho, akamkimbilia mbele ya wenzake wote, akamshika mikono iliyolowa.

"Mama, maswali yote nimejibu! Na mkuu amepita, amenigusa bega, amesema hana kinyongo, mambo yameisha."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo. Mama, jana kule ofisini, mimi..."

"Nyamaza, mwanangu. Na mimi ningenyamaza." Alivua lile koti la kazi la shule, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya ndoo. "Yameisha. Twende nyumbani."